Shajara ya Alfetta: kulirudisha barabarani gari la 1977

Januari, mwanzoni

Leo tumelitoa bandani. Alfa Romeo Alfetta GTV ya 1977, injini ya silinda nne ya lita mbili, usukani upande wa kulia, rangi nyekundu iliyopauka. Breki za nyuma zilikuwa zimeshikana kabisa, ikabidi tuyapandishe magurudumu kwenye vigari vidogo vya chuma ndipo likakubali kusogea. Vijana wa gereji jirani walikuja kusaidia kusukuma, na kazi ilipokwisha hawakuondoka, wakabaki kulizunguka. Umbo hili lilichorwa na Giorgetto Giugiaro mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hapa Changamwe, Mombasa, bado linasimamisha watu.

Lengo la mradi: gari lipite ukaguzi, liende Kilifi na kurudi bila kuvutwa, kisha kabla ya mwaka kwisha lipande hadi Nairobi. Sitafuti gari la maonyesho. Nalitaka liwe lile nililolijua, lenye sauti, lenye hasira asubuhi, na tamu kuendesha kuliko gari lolote nililoshika usukani wake.

Nimeishi na magari ya aina hii tangu ujana. Kwanza MGB ya Kiingereza, kisha hili, na kabla ya yote mawili kiti cha abiria cha Triumph Stag ya mjomba wangu. Hakuna hata moja lililonifikisha kila mara nilikokusudia, na hakuna hata moja ninalolijutia. Toyota ya kazini, miaka yangu yote ya bandarini, niliiheshimu kwa dhati na ilinifikisha kila siku, lakini safari zake zimefutika zote akilini. Za haya magari matatu nazikumbuka hadi harufu ya petroli. Kwa hiyo shajara hii itabeba kazi na kumbukumbu kwa pamoja. Naiandika kwa ajili ya binti yangu, anayesomea uhandisi na kushika spana nami kila Jumamosi, na kwa yeyote mwenye gari la namna hii chini ya turubai.

Kutu: chini ya kioo cha mbele, bati la chini ya milango, na trei ya betri. Hewa ya chumvi ya Mombasa imechangia, lakini magari haya yaliota kutu hata kwao Italia. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo, yakatuama ndani ya mkunjo wa bati na kuula kutoka ndani. Nje unaona uvimbe mdogo wa rangi tu, na ukiugusa kwa bisibisi, bisibisi inazama. Fundi wa bodi amekwisha kuchora kwa chaki sehemu za kukata. Atachomelea bati jipya, na tumekubaliana mapema kwamba hakuna kuziba tundu kwa filla.

Januari, mwishoni: injini

Tulipofungua bomba la chini la rediata, maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Oili imeingia kwenye maji. Kwa injini hii ugonjwa huo ni maarufu, na mahali pa kuutafuta panajulikana. Kati ya bloku, mwili wa injini, na silinda hedi, kichwa chake, kuna njia za oili zilizozibwa na vipete vidogo vya mpira, na vikikauka, oili hupenya. Bloku ni ya aluminiamu, hedi ni ya aluminiamu, na silinda zenyewe ni mirija ya chuma iliyotumbukizwa ndani ya bloku, huku maji yakiigusa moja kwa moja. Kila metali hupanuka kwa kadiri yake. Vile vipete vidogo ndivyo vinavyobeba tofauti hiyo miaka yote.

Hedi ilikataa kutoka. Nilikataza patasi. Tulimimina mafuta ya kulainisha kwenye kila stadi, tukaacha, tukagonga kidogo kwa nyundo ya mpira, tukaacha tena. Ilipotoka ilikuwa nzima, na tumeipeleka Shimanzi kwa fundi wa mashine ili uso wake usawazishwe.

Kuiona hii injini ikiwa wazi ni raha ambayo sijui kuificha. Ukoo wake ulianza 1954 kwenye Giulietta, ikiwa na sentimita za ujazo 1290, kazi ya kikosi cha Orazio Satta Puliga, na ukaendelea kwenye magari ya Alfa hadi miaka ya tisini. Kemu shafti mbili juu, zile fito zinazofungua valvu, zinazoendeshwa kwa cheni, katika zama ambazo magari mengi ya bei hiyo yalisukuma valvu zake kwa fito ndefu kutoka chini. Ndani ya shina la valvu ya ekzosi kuna sodiamu, ambayo huyeyuka injini ikipata moto na kuliondoa joto kichwani mwa valvu. Na haya yote waliyaweka kwenye gari ambalo mwalimu au karani wa Milano angeweza kulinunua kwa kujibana.

Binti alikuwa akipima kwa maikromita vile vipande vya chuma vinavyokaa chini ya tapeti ili kuweka nafasi ya valvu. Kila valvu ina kipande chake, na kukibadilisha ni lazima utoe kemu shafti nzima.

“Baba, kwa nini hawakuweka skrubu ya kurekebishia? Ingekuwa dakika chache tu.”

Nikamwambia skrubu na mkono wake vina uzito. Ukiviondoa, valvu inafuata kemu bila kuchelewa na injini inapanda mizunguko kwa wepesi. Kinachotuchosha leo mchana ndicho kitakachomfurahisha siku atakapokanyaga mafuta. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kipimo kingine.

Februari: giaboksi

Kijana mmoja wa gereji jirani, mzoefu wa Probox na Hiace, aliingia chini ya gari akae na tochi kidogo. Sauti yake ikatoka huko chini:

“Mzee, hii gari giaboksi yake iko wapi?”

Alikuwa akiitafuta nyuma ya injini, mahali ilipo kwenye kila gari alilowahi kufungua. Kwenye Alfetta iko nyuma kabisa, imeungana na difu, zile gia zinazoyagawia magurudumu ya nyuma nguvu, na klachi nayo iko hukohuko. Mbele kuna injini tu. Hivyo uzito wa gari unagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Nilimwomba atoke nimsimulie, kwa sababu hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi kwenye gari zima.

Jina lenyewe, Alfetta, lilikuwa la magari ya mashindano, 158 na 159. Giuseppe Farina alitwaa nayo ubingwa wa kwanza wa dunia wa Formula One mwaka 1950, na Juan Manuel Fangio akautwaa 1951. Magari yale yalikuwa na giaboksi nyuma, na toleo la mwisho likawekewa mhimili wa nyuma wa De Dion, bomba linaloyaunganisha magurudumu bila kuibeba difu. Mwaka 1972 Alfa Romeo wakauchukua mpango uleule, giaboksi nyuma na De Dion, wakauweka kwenye gari la milango minne la kupeleka watoto shule, na mwaka 1974 kwenye hili la milango miwili. Difu imefungwa kwenye bodi, magurudumu hayabebi uzito wake. Diski za breki za nyuma hazipo kwenye magurudumu bali ndani, ubavuni mwa giaboksi, ili magurudumu yabaki mepesi na yashike barabara kwenye mashimo.

Sasa sikiliza gharama yake. Kwa kuwa klachi iko nyuma, propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, inazunguka kwa kasi ya injini muda wote injini inapowaka, hata gari likiwa limesimama kwenye foleni pale Makupa. Propela imeungwa kwa mipira mitatu minene, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma, na mipira hiyo haipumziki kamwe. Ikichoka inapasuka, na kabla ya kupasuka gari zima linatetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Miaka ile niliyoliendesha kila siku nilikuwa nikiusikia mtetemo huo mgongoni kabla sikio halijasikia chochote, na mke wangu alikuwa akiusikia kabla yangu.

Hilo ndilo ninalotaka binti yangu na yule kijana walielewe kuhusu magari haya. Watu husema hayaaminiki, na ni kweli, lakini hayakutengenezwa na watu wavivu. Yalitengenezwa na watu waliotaka jambo gumu kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukichunguza kasoro yake moja baada ya nyingine, nyingi zinakupeleka palepale raha yake ilipo.

Mipira mipya mitatu imefika kutoka Ulaya. Kila mmoja umekuja umebanwa na mkanda wa chuma. Unafunga bolti zote kwanza, ndipo unakata mkanda. Kabla ya kufungua propela tulipaka alama za rangi kwenye kila kiungo, maana vipande vyake vimesawazishwa pamoja na vinapaswa kurudi vilivyokuwa. Vishina vya plastiki kwenye fimbo ndefu ya gia vimelika vyote, na fundi wa mashine ametukerezea vingine. Gia sasa zinajulikana ziko wapi.

Machi: umeme

Kazi ndogo. Kila fyuzi imetolewa na kusuguliwa, kila waya wa ardhi umefunguliwa na kukwanguliwa hadi chuma kinang’aa. Nusu ya matatizo ya umeme ya magari haya huishia hapo.

Nikiwa nakwangua nilimkumbuka MGB wangu. Miaka ile daraja la Nyali lilikuwa bado jipya. MGB ni gari sahili, injini ya sentimita za ujazo 1798 na kabureta mbili, lenye betri mbili za volti sita zilizofichwa nyuma ya viti, pabaya kufikika kuliko mahali pote. Pampu yake ya petroli ni ya umeme, inakaa nyuma, na ukiwasha swichi unaisikia ikigonga tik-tik-tik hadi kabureta zijae, kisha inanyamaza. Pointi zake zikinata, haigongi. Dawa ni moja tu: unashuka, unainama upande wa gurudumu la nyuma, unaigonga kwa kisigino cha kiatu, inaamka.

Ilikataa siku moja ndani ya feri ya Likoni, tuko mstari wa mbele, mlango unashuka, watu mamia nyuma yetu. Mke wangu, wakati huo bado mchumba, alishuka na buibui lake, akavua kiatu, akaipata pampu kwa pigo la kwanza, lakini betri nazo zilikuwa zimechoka. Abiria wakalisukuma gari hadi juu ya mteremko wa Likoni. Mama mmoja mwenye kapu la samaki kichwani alisukuma kwa mkono mmoja, akasema, “Mwanangu, gari zuri hivi na halina adabu!” Liliwaka karibu na kituo cha matatu. Watu wakashangilia. Tulikwenda Diani paa la turubai likiwa limekunjwa, na jioni tukarudi salama.

Miaka arobaini na zaidi imepita na mke wangu bado akisikia kitu kinagonga tik-tik anauliza kama petroli imefika.

Machi, mwishoni: maji

Hedi imerudi, imefungwa. Vipete vipya, gasketi mpya, bolti zimekazwa kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, hatua kwa hatua, kwa spana ya kipimo. Pampu ya maji mpya. Rediata imefunguliwa, ikasafishwa kwa fimbo mrija mmoja mmoja. Ndani mlikuwa na magadi ya miaka mingi. Kuanzia sasa hakuna maji ya kisima kwenye gari hili. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi ndiyo iliyomtesa mjomba.

Stag ya mjomba ilikuwa gari la fahari. Silinda nane za V, sentimita za ujazo 2997, umbo la Giovanni Michelotti wa Turin, na ile fremu ya T inayounganisha kioo cha mbele na nguzo ya nyuma ili uweze kutoa paa lote. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi barabara huanza kupanda kuelekea Mazeras, na hapo ndipo mshale wa joto ulipoanza kupanda nayo. Kwenye injini ile pampu ya maji iko juu, katikati ya ile V, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu, pampu ndiyo ya kwanza kukaukiwa. Hedi ni za aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na hazisamehe moto.

Mjomba alijifunza kusimama mapema. Mariakani alikuwa na mti wake, na chini ya mti huo alikuwa na marafiki, wauza mahindi na vibarua wa barabara, waliolijua gari kabla halijaegeshwa. Tulikaa hapo hadi injini ipoe. Mjomba alikula mahindi ya kuchoma, akauliza hali za watoto wa kila mmoja kwa majina yao. Safari ya Voi ingeweza kuchukua siku nzima, na mimi mtoto wa shule niliiona ni siku nzuri kuliko zote. Alipokufa, wazee wawili wa Mariakani walikuja matangani. Walimjua kwa sababu gari lake lilichemsha.

Aprili: Pasaka

Hatukufanya kazi. Binti aliuliza mapenzi yangu kwa magari ya Italia yalianzia wapi.

Yalianza Pasaka ya 1975. Baba alinipeleka kando ya barabara kutazama Safari Rally. Lancia walileta Stratos, gari fupi, la chini, lenye injini ya V6 kutoka Ferrari nyuma ya dereva, na kwenye vumbi letu lilisikika mbali kabla halijaonekana. Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, gari tulilolijua sote, la mwalimu mkuu na la teksi, gari gumu kabisa. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote kwa Stratos. Baba alifurahia Peugeot. Mimi nilirudi nyumbani na ule mlio masikioni, na sijautafutia dawa hadi leo.

Mei: kabureta

Wiki nzuri mno.

Kabureta ni mbili za Dell’Orto, za kulala, kila moja na koo mbili, kwa hiyo kila silinda ina koo lake. Zinashikiliwa kwenye injini kupitia mipira minene iliyounganishwa na chuma, ili mtetemo usitoe povu kwenye petroli. Mipira hiyo ikizeeka hupasuka upande wa chini usioonekana, hewa ya wizi inaingia, injini inakohoa na kukataa kutulia. Watu wengi wamefungua kabureta zao mara nyingi wakitafuta uchafu usiokuwepo. Tumeweka mipira mipya bila kujadiliana.

Kuzilinganisha nimemfundisha binti kwa njia niliyofundishwa mimi. Unachukua mpira mwembamba wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa koo, unasikiliza mvumo wa hewa. Kisha koo linalofuata. Mvumo ukiwa wa juu zaidi kwa moja, unageuza skrubu inayounganisha kabureta mbili, kidogo sana, unasikiliza tena. Kifaa cha kupimia hewa kipo, na tulikitumia baadaye kuhakikisha, lakini nilitaka asikie kwanza. Alifumba macho. Ilipofika mahali koo zote nne zikavuma sawa, sauti ya injini nzima ilibadilika, ikashuka na kutulia, naye akafumbua macho kabla sijasema neno. Vijana wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni.

Injini ilikuwa imewaka kwa mara ya kwanza siku mbili kabla ya hapo, bila vurugu yoyote. Maji masafi, oili safi, presha ya oili juu.

Juni: Kilifi

Bodi imepigwa rangi, nyekundu ileile. Ukaguzi limepita. Alfajiri tulitoka wawili.

Mbele ya dereva kuna saa moja tu, ya mizunguko ya injini. Ya mwendo, ya joto na ya mafuta ziko katikati ya dashibodi, kana kwamba ni mambo ya abiria. Binti alikuwa akinisomea joto hadi Mtwapa, na mshale haukupita katikati. Baada ya Mtwapa barabara ilifunguka, nikaliachia kwenye gia ya tatu, na kuanzia mizunguko elfu nne ule mlio ukatoka. Kwenye kona za kuelekea Vipingo, kando ya mashamba ya mkonge, gari linaingia bila kuinua pua wala kutupa mkia, mbele na nyuma vinageuka kwa pamoja. Nilisimama, nikampa usukani. Alipotoka kwenye kona yake ya kwanza alisema, “Baba, sasa nimeelewa giaboksi,” na kwa hilo mradi umeshalipa kila shilingi.

Daraja la Kilifi, chai na mahamri, kurudi. Hakuna kilichokatika.

Matokeo ya ukaguzi wetu chini ya gari baada ya safari: mipira ya propela iko sawa, bolti zote ziko kwenye alama. Tone la oili nyuma ya kifuniko cha kemu, gasketi itabadilishwa. Breki ya mkono dhaifu.

Gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Hilo ni la magari haya yote. Sinkronaiza yake, kipete kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana, ni ndogo kwa kazi inayopewa, na oili ya giaboksi ikiwa nzito haifanyi upesi. Vijana wanataka tuifungue. Sitaifungua. Ikipata moto inaingia vizuri, na kilomita za mwanzo unaweza kuiingiza taratibu kwa vidole viwili, ukiipa nafasi. Binti ameshazoea.

Julai: maandalizi ya Nairobi

Kila mwaka klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo huandaa mashindano ya uzuri wa magari na pikipiki, Concours d’Elegance, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hatuendi kushindana. Tunakwenda kuegesha nje na kuwatazama ndugu zake.

Nairobi iko zaidi ya mita 1600 juu ya bahari, na kabureta zetu zimerekebishwa usawani mwa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inazidi, plagi zinaota masizi. Tumeagiza jeti ndogo, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, kwa ajili ya huko juu, na binti ameweka kwenye daftari namba za zilizopo na za zitakazoingia. Tutazibadilisha Mtito Andei, kazi ya nusu saa injini ikiwa imepoa. Mariakani tutasimama vilevile, joto liwe juu au chini, nimwonyeshe ule mti.

Zilizobaki: gasketi ya kifuniko cha kemu, kebo ya breki ya mkono, mpira wa kioo cha mbele upande wa kushoto kabla ya mvua za vuli, na brekipadi za nyuma, ambazo kwa kuwa ziko ndani ubavuni mwa giaboksi zitakula Jumamosi nzima. Tunaanza na hizo brekipadi.